Mlinzi wa Usingizi wa Fuko

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Nakiete aliingia pangoni kuhakikisha kwamba Fuko bado amelala. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na serikali. Alilipwa mshahara kila mwisho wa mwezi ili mashine yenye nguvu kuliko zote katika milima ya Upare isifanye kazi yoyote.

Usicheke. Miaka ile watu walikuwa na kazi za ajabu kuliko hiyo. Kule Kilombero kulikuwa na mzee aliyeajiriwa kuzizunguka mashine za kuvuna mpunga na kuwafukuza mbayuwayu wasijenge viota ndani yake, huku wanawake mia sita wakivuna kwa mundu shamba la pili. Na mzee yule alikwenda kazini kwake na tai shingoni. Aliyewahi kukosa kazi kwa miaka sita haulizi kazi aliyoipata ina maana gani.

Nakiete aliwasha taa ya kichwani akaanza safari yake. Ilikuwa hatua mia moja na kumi kutoka puani mwa Fuko hadi mkiani. Alipita akigusa pete za mwili wake moja baada ya nyingine, pete sitini, kila moja ndefu kwenda juu kuliko mlango wa kanisa. Fuko hakuundwa, alikuzwa. Misuli yake ilisokotwa kwa nyuzi za mkonge zilizofundishwa kujikunja na kujinyoosha zinapopitiwa na umeme, ikaloweshwa miaka minne kwenye matangi huko Tanga mpaka ikanenepa. Mdomoni alikuwa na meno elfu nne. Alitafuna jiwe, akaliyeyusha tumboni, kisha akalipaka ukutani nyuma yake, hata kila alikopita akaacha njia ngumu na laini kama ndani ya chungu kilichochomwa vizuri.

Nakiete alikuwa amemwendesha mara moja tu, siku ya majaribio. Mita arobaini. Dakika mbili na nusu. Aliposhuka, alikaa chini akacheka na kulia kwa pamoja mbele ya wageni rasmi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Sasa alikuwa na arobaini na moja, na hajawahi kuisahau hata dakika moja kati ya zile.

Akafika mkiani, akasoma joto la mwili: nyuzi kumi na tisa. Akaandika kwenye kibao chake: *Amelala.*

Sheria ya Mikono Kwanza ilikuwa fupi, kila mtu aliijua kwa moyo. *Penye mkono wa mtu unaotaka kazi, mashine italala.* Ilitungwa baada ya Mdororo, pale ilipodhihirika kwamba mashine zilizochukua kazi za watu zilikuwa zimewachukua wanunuzi pia, viwanda vikafunga, na mashine zenyewe zikakosa la kufanya. Serikali ikazilaza. Ikaanzisha miradi nchi nzima, barabara, mabwawa, mifereji, na huko Dodoma ikaweka akili moja kubwa isiyo na mwili, jina lake Mgawakazi, iliyomjua kila mtu mzima na kumpangia zamu yake katika foleni ya ajira. Ukipata kazi ulivalishwa bangili yenye taa ya kijani. Ukiivua kwa hiari yako, ulirudi mwisho wa foleni. Na foleni ilikuwa na urefu wa miaka mitatu.

Watu wa mjini walizoea kuidharau sheria ile. Nakiete hakuidharau. Alikuwa amemwona mdogo wake, Kiondo, akipanga foleni ya uji wa serikali kwa miaka minne akiwa na diploma ya ushonaji viatu, na alikuwa amemwona siku alipovalishwa bangili ya mradi wa mfereji. Kiondo alioa mwezi uleule, mchumba wake akiwa tayari mjamzito. Sasa alikuwa na mtoto wa siku ishirini na moja.

* * *

Alipotoka pangoni alimkuta mwanamke ameketi juu ya jiwe, viatu amevivua, miguu ina vumbi jeupe la tambarare. Alivaa shuka la buluu na shanga chache shingoni.

"Shikamoo," Nakiete alimwamkia, maana alionekana kumzidi umri.

"Marahaba. Naitwa Sinyati. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya Emboloi, huko bondeni." Akachomoa chupa kutoka kwenye mfuko, akampa. "Onja."

Nakiete akaonja, akatema palepale. Ilikuwa chumvi tupu.

"Kisima chetu kiligeuka hivyo tangu mwezi wa nne," Sinyati alisema. "Ng'ombe wakanywa, wakafa. Mbuzi wakafuata. Lori la maji linakuja kila siku ya kumi, na dereva ametuambia barabara ikizidi kuharibika hatakuja tena. Nimesikia mna mnyama hapa anayeweza kutoboa mlima. Nimetembea saa tano kuja kuuliza swali moja. Akiamka, atafika kwetu lini?"

Nakiete alilijua jibu. Alikuwa akilipiga hesabu kichwani kila asubuhi, hatua mia moja na kumi za kwenda, mia moja na kumi za kurudi. Juu ya pango kulikuwa na ndiva, bwawa kubwa la kuhifadhia maji ambalo wazee wa zamani walilianza kwa majembe na serikali ikalipanua, na mwaka ule lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Kilichokosekana ni njia ya kuyashusha maji yake bondeni, mfereji ule ambao akina Kiondo walikuwa wakiuchimba.

"Kwa mwendo wa saa tisa," alisema.

"Na wale wanaochimba?"

"Wapo mia nne na kumi na wawili. Wakienda kwa kasi hii, miezi ishirini na sita."

Sinyati alitikisa kichwa polepole. "Sisi tuna wiki tatu, mwanangu. Labda nne. Baada ya hapo tutatawanyika, na ukishatawanyika huwi kijiji tena." Akavifuta viatu vyake na kiganja. "Nimepita pale wanapochimba. Wanachimba vizuri. Wanaimba. Nilitaka kuwachukia, nikashindwa."

Nakiete alimkaribisha chai, kisha akamwita Mgawakazi. Sauti ilitoka kwenye bangili yake, sauti ya adabu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Ombi la dharura la Emboloi limepokelewa," ilisema. "Muda wa uchunguzi ni siku tisini. Poleni kwa usumbufu."

"Siku tisini watakuwa wamekwisha!"

"Naelewa. Sina mamlaka ya kuvunja sheria. Fuko ataamka pale tu ambapo hakuna mkono ulioajiriwa ndani ya eneo la mradi. Mwendeshaji hahesabiwi. Kwa sasa mikono ni mia nne na kumi na miwili."

Ndivyo lilivyofungwa lile jambo. Kitasa cha Fuko kilikuwa na sikio, nalo lilisikiliza bangili. Ikiwaka hata moja, hakifunguki.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mgawakazi hakulijua. Nakiete alijua namna ya kuliziba lile sikio. Kipande cha bati kingetosha, na mabati yalikuwa yamejaa pale nje. Angeweza kufanya hivyo wakati ule ule, mwenyewe, bila kumwambia mtu, na kufikia jioni Emboloi wangekuwa wanakunywa. Mia nne na kumi na wawili wangeshtuka mlima ukitetemeka, na bangili zao zingezimika kwa sababu kazi imekwisha.

Alilishika bati moja. Alilishika kwa muda mrefu. Moyo ulimwenda mbio, na aibu yake ni kwamba haukumwenda mbio kwa ajili ya Emboloi peke yake. Alitaka kumwona Fuko akiamka. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyopenda kukiri, na kwa sababu hiyo hakujiamini. Akaliweka bati chini.

* * *

Wachimbaji walikuwa wanakula makande. Walikaa makundi makundi kando ya mtaro waliokwisha kuuchimba, kilomita moja na robo kwa miezi minne, kazi safi, kingo zimenyooka. Nyapara wao, Mama Namkunda, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla mashine hazijachukua madarasa, na mpaka leo watu wazima walinyamaza alipokohoa.

Nakiete aliwaeleza yote. Hakuficha saa tisa, wala miezi ishirini na sita, wala bati. Sinyati alisimama kando yake na chupa yake, na ile chupa ikazungushwa mkono kwa mkono, kila mtu akaonja, kila mtu akatema.

Mama Namkunda ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa hasira.

"Kwa nini hukuziba tu hilo sikio, Fundi? Ungeliziba! Tungeamka tumekosa kazi, tungekulaani wewe, na sisi dhamiri zetu zingebaki nyeupe. Sasa umekuja kututwisha mzigo huu wakati wa chakula."

"Ni kazi yenu, Mama. Nikiwanyang'anya bila kuwaambia, hiyo ni nini kama si wizi?"

"Ni wizi, ndiyo. Lakini ungekuwa wako peke yako."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. Kisha Kiondo akasimama, bakuli mkononi.

"Dada, aliyeshiba hamjui mwenye njaa," alisema. "Nisameheni, naongea na dada yangu mbele za watu. Miaka minne nimesimama kwenye ule mstari wa uji. Unajua mtu anasimamaje pale? Anasimama amegeuza uso, asije akaonwa na waliosoma naye. Serikali hii, pamoja na upumbavu wake wote, iliniambia njoo, mikono yako inahitajika. Leo unakuja kuniambia haihitajiki, kuna mnyama anaiweza kazi yangu ya miaka miwili kwa siku moja. Najua anaiweza! Siku zote nimejua. Nachimba kila siku nikijua amelala pale juu."

Maneno yale yalimchoma Nakiete kwa sababu yalikuwa kweli tupu.

Wakabishana mpaka makande yakapoa. Mmoja alisema serikali itume malori mengi zaidi; mwingine akamuuliza serikali gani, hiyo ya siku tisini? Mmoja alisema watu wa bondeni waliwahi kuwaingizia ng'ombe mashambani wakala mazao, wamewatendea nini hata wahurumiwe. Mama mmoja akamwambia ainywe ile chupa yote kwanza, ndipo azungumze habari za ng'ombe.

Mwishowe Mama Namkunda alikohoa.

"Siwezi kumwamuru mtu avue riziki yake. Wala hatutapiga kura, maana kura ingeshinda kwa wengi na wachache wangelia. Lakini tuna utaratibu wetu tuliourithi. Kesho alfajiri pembe ya msaragambo italia. Atakayekuja, aje."

Wapare wanaijua pembe hiyo. Ikilia, kila nyumba hutoa mtu kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza njia, na hakuna ujira. Anayefanya msaragambo hajaajiriwa na yeyote. Wanaosamehewa ni watatu tu: mwenye mgonjwa, mfiwa, na mwenye mtoto mchanga. Hao hakuna ruhusa ya kuwauliza, wala kuwabembeleza, wala hata kuwatazama vibaya.

* * *

Pembe ililia saa kumi na moja na nusu, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Nakiete alisimama mlangoni mwa pango akihesabu watu waliokuwa wakipanda. Alifikiri wangekuja sitini. Alifikiri, wakijitahidi, mia. Walikuja wote. Walikuja na majembe begani kana kwamba kungekuwa na mahali pa kuyatumia, wengine na watoto wao, na hakuna aliyeimba.

Mama Namkunda alikuwa ametandika turubai. Alikuwa wa kwanza kuvua bangili yake, akaitupa katikati. Taa ya kijani ikapepesa, ikatoa mlio mdogo, ikazima. Kisha watu wakapita mmoja mmoja. Kila mmoja alisimama kidogo kabla ya kuvua, na mkono uliokuwa na bangili ulikuwa na mstari mweupe mahali jua lilipokuwa halifiki. Nakiete aliwaona watu wakiisugua ile alama kwa kidole gumba huku wakirudi nyuma. Hakuwa amewahi kuona jambo kubwa kama lile, hata ile siku ya mita arobaini.

"Wenye wagonjwa, wafiwa, na wenye watoto wachanga," Mama Namkunda akatangaza, kama alivyotangaza kila msaragambo maishani mwake, "mmesamehewa. Kaeni pembeni mpumzike."

Watu kumi na mmoja wakaenda pembeni wakakaa. Mambo yalikuwa yamekwenda kwa utaratibu, kila mtu akaridhika. Nakiete akaweka kiganja kwenye kitasa.

"Mikono kumi na mmoja," kikasema kitasa.

Mama Namkunda akajipiga paji la uso. "Jamani! Na mimi mwalimu wa hesabu!"

Kicheko kikalipuka, kikashuka mlimani. Watu mia nne, na fundi wao, walikuwa wameusahau usikivu wa kitasa kwa sababu ya desturi. Waliwasamehe wenzao kwa moyo wote mbele ya chuma kisichojua kusamehe. Wale kumi na mmoja nao walicheka. Mzee aliyefiwa na mkewe alikuwa wa kwanza kuinuka, akavua yake, akasema marehemu mwenyewe angemsuta. Wengine wakafuata.

"Mkono mmoja," kitasa kikasema.

Kiondo alikuwa bado ameketi.

Kicheko kilikufa. Watu wakatazama chini, kila mtu akitazama miguu yake, kwa kuwa desturi ilikataza kumtazama. Mwenye mtoto mchanga haulizwi. Wangeweza kukaa hivyo mpaka jua litue na hakuna ambaye angemwambia neno. Sinyati, ambaye alikuwa mgeni, aliifahamu hali ile bila kuelezwa, naye akainamisha kichwa.

"Dada," Kiondo akasema. "Mwendeshaji hahesabiwi, sivyo?"

"Hahesabiwi."

"Kwa hiyo jioni ya leo, katika watu wote waliosimama hapa, mwenye kazi atakuwa wewe peke yako. Sisi tutarudi kwenye uji. Wewe utakuwa umempanda mnyama wako."

Nakiete alihisi uso ukimwaka moto. Alikuwa amelala usiku kucha na wazo hilo, akiligeuza upande huu na ule, akijiambia kwamba lazima pawepo mtu wa kumwendesha Fuko. Lakini kitasa kilikijua kiganja chake, hakikuijua bangili yake. Angeweza kumwendesha bila mshahara kama mtu mwingine yeyote wa msaragambo. Alikuwa amelijua hilo usiku kucha, akalikwepa.

Akavua bangili. Miaka kumi na miwili alikuwa na Fuko, tangu siku ya majaribio, na sasa foleni ya miaka mitatu, kisha huenda wangempa kazi ya kufagia soko. Akaitupa kwenye turubai. Akaenda akaketi chini kando ya mdogo wake, bega kwa bega. Alitaka kumwomba. Neno lilikuwa limefika mdomoni, akauma ulimi, akakaa kimya kama wengine.

Walikaa. Ukungu ukaanza kupanda.

"Mama," Kiondo akamwambia Sinyati, bila kumtazama. "Kule kwenu kuna watoto wachanga?"

"Wapo."

"Wangapi?"

Sinyati akafikiri. "Nilipoondoka walikuwa wanne," alisema.

Kiondo alilisikia lile neno, *nilipoondoka*. Nakiete alimhisi akilisikia, mwili wake ukakakamaa kando yake. Akaivua bangili taratibu, kwa shida, kwa kuwa mkono ulikuwa umenenepa tangu avalishwe. Hakuitupa. Alimpa dada yake mkononi, ikiwa bado inawaka, nayo ikazimikia pale kiganjani mwake.

* * *

Fuko aliamka kwanza kwa harufu, harufu ya mkonge mbichi uliokatwa sasa hivi, ikajaa pango zima. Kisha joto. Nyuzi ishirini, ishirini na tano, arobaini. Pete ya kwanza ikajikunja, ya pili ikaitikia, na mtikisiko ule ukapita pete zote sitini hadi mkiani, ukarudi. Watu nje walirudi nyuma hatua kumi kwa pamoja bila mtu kuwaambia.

Nakiete alikuwa ndani ya kichwa chake, kwenye kibanda cha kioo kinene, Kiondo kulia kwake, Sinyati kushoto akiwa ameng'ang'ania kiti. Akasukuma usukani mbele. Meno elfu nne yakaanza kuzunguka, na mlima ukafunguka.

Hapana neno la Kiswahili wala la Kipare linalotosha kwa yale waliyoyaona saa tisa zile. Jiwe lilikuja mbele yao jeusi, kisha jekundu, kisha lenye mistari ya kung'aa iliyokuwa haijaona mwanga tangu dunia iumbwe, likafika menoni, likawa uji mwekundu, likapita. Walipita ukuta wa fuwele za zambarau wenye urefu wa nyumba. Walipita mchanga wa ziwa la kale, na ndani yake mifupa ya samaki mkubwa kuliko ng'ombe, na Nakiete akamgeuza Fuko kidogo ili asiitafune. Sinyati alianza kuomba kwa Kimaasai, kisha akaacha kuomba, akabaki anatazama tu, machozi yakimtiririka asiyafute.

"Hiki ndicho nilichokuwa nikishindana nacho kwa jembe," Kiondo alisema. Sauti yake haikuwa na uchungu. Alikuwa ameshangaa, kabisa, kama mtoto. "Dada, hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambiaje?"

Saa kumi na moja jioni jua liliwapiga machoni. Fuko alitokeza pua chini ya mlima, umbali mfupi juu ya Emboloi, akasimama, mvuke ukimtoka kila pete. Nakiete akamsogeza pembeni. Akashika redio.

"Mama Namkunda. Fungua ndiva."

Walisubiri. Watu wa Emboloi walikuwa wametoka, wamesimama mbali, hakuna aliyethubutu kukaribia. Robo saa ikapita, hakuna kitu. Kiondo alichungulia kwenye lile tundu la duara, kuta zake ziking'aa, akasema anasikia upepo. Haukuwa upepo. Maji yalitoka yakiwa ya vuguvugu kutokana na joto la jiwe, yakaruka, yakaanguka kwenye mchanga, na kabla mtu yeyote hajapiga kelele, ng'ombe waliosalia walikuwa wamekwisha kuyanusa na walikuwa wanakuja mbio, mifupa yao ikionekana, wanawake wakikimbia mbele yao na watoto mgongoni.

Wanawake watatu walikuwa na watoto wachanga. Kiondo alitafuta wa nne kwa macho muda mrefu. Alipokuja, kutoka boma la mbali kabisa, mamaye akimlowesha mtoto midomo kwa kidole, Kiondo aligeukia mwamba akalia.

Hakuna aliyesema asante siku ile, na Nakiete alishukuru kwamba hawakusema. Watu walipokwisha kunywa, Sinyati akamjia, shuka limelowa mpaka kiunoni.

"Sasa mtakula nini huko juu?"

"Hatujui," Nakiete alijibu.

"Mko nyumba ngapi?"

"Waliovua? Nyumba mia mbili ishirini na sita, kwa hesabu ya Mama Namkunda."

Sinyati akapanda juu ya jiwe. Akaanza kuita maboma, moja moja kwa jina, kwa Kiswahili ili wageni wasikie.

"Boma la Ole Mepukori!"

"Nyumba tatu," akajibu mzee mrefu, maji yakimtiririka kidevuni. "Mpaka mavuno ya kwanza."

"Boma la Mama Lemayian!"

"Mbili!"

"Boma la Ole Sindiyo!"

"Tatu!"

Walikuwa hawana kitu. Nakiete aliwatazama, watu waliobakiwa na mbuzi wa kuhesabika kwa vidole, wakitaja namba za nyumba watakazozilisha kana kwamba wanagawana sikukuu. Akaegemea ubavu wa Fuko uliokuwa bado moto. Kiondo alisimama kando yake na mikono yake mitupu, akisikiliza kila namba na kuirudia kwa sauti ya chini ili asiipoteze hesabu.

Ilipofika mia mbili ishirini na sita, Sinyati akashuka. Nyuma ya kundi mwanamke mmoja mfupi akaanza kusukuma watu kupita mbele, amekasirika kwelikweli.

"Na mimi je? Boma langu halijaitwa! Nimekosa nini hata ninyimwe watu?"

Sinyati akamgeukia Ole Mepukori, akamwomba amwachie mama huyu nyumba moja kati ya tatu zake, na yule mzee akakataa katakata.